Udalali wa Mitandaoni na Rizki ya Kutegemewa

 

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa masuala, mengine kwa barua na mengine kwa mdomo baada ya darsa, juu ya kazi moja iliyowashika sana vijana wetu. Wapo wazazi waulizao kama pato lake ni halali. Wapo vijana waulizao kama yafaa mtu kuacha ufundi wake, au kazi yake ya dukani, aishike hiyo peke yake na aoe kwa hiyo. Na yuko mama mmoja ambaye mwanawe amemtaka auze bangili zake za dhahabu ili yeye apate kulipa mafunzo ya kazi hii. Mama huyo hakutuuliza mambo ya halali na haramu. Ametuuliza neno moja tu: je, itadumu? Nasi twaona suala lake ndilo mzizi wa masuala yote, na ndilo tutakalolijibu kwa urefu.

Kazi yenyewe ni hii. Mwenye duka katika mtandao humwambia mtu yeyote apendaye: nitakupa anwani ya bidhaa zangu yenye alama yako wewe, ukiwaonyesha watu wako anwani hiyo, kwa maandishi au kwa picha, na mmoja wao akaingia dukani kwa njia hiyo akanunua, nitakupa fungu katika bei. Vijana huiita kazi hii afilieti, na anwani hiyo huiita linki au kiungo. Mtu huyu hanunui mali, haweki mali, wala hapeleki mali. Kazi yake ni kumwonyesha mnunuzi mlango. Nasi Waswahili tunalo jina la mtu wa namna hii tangu zamani: ni dalali.

Wala msidhani ni jambo la jana. Huko Marekani duka la CDNow, lililokuwa likiuza sahani za muziki, lilianza mpango wa namna hii mwaka 1994, na Amazon, ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza vitabu tu, ikafungua wake mwezi wa Julai 1996. Basi ni kazi yenye umri wa kiasi cha miaka 30, na mtu aweza kuipima kwa yaliyopita. Hana haja ya kuagulia.

Ama uhalali wake, asili yake ni halali, na hatuoni kwamba pana shaka. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mzima juu ya ujira wa udalali, akataja ya kwamba Ibn Sirin, na Ataa, na Ibrahim, na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na imepokewa kwa Qays bin Abi Gharaza (r.a.) ya kuwa wao, watu wa sokoni, walikuwa wakiitwa madalali zama za Mtume (S.A.W.), naye akawapitia akawaita kwa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanya biashara, kisha akawaonya kwamba uuzaji huingiwa na maneno ya upuzi na viapo, basi wauchanganye na sadaka. Yafaa kila dalali wa leo aitafakari khabari hii. Hakuwafukuza sokoni. Aliwapandisha jina, na papo hapo akawaonyesha mahali pa kuteleza, napo ni ulimi.

Mafaqihi wetu wa Kishafii wanao mlango wa mkataba huu, wauita juala. Nao ni mtu kusema: atakayenifanyia kazi kadha nitampa kadha. Dalili yake ni ile khabari iliyomo katika Surat Yusuf, lilipopotea kopo la mfalme ikanadiwa kuwa atakayelileta atapata shehena ya ngamia. Mwenye kuifanya kazi hastahiki malipo mpaka kazi ikamilike: asiyelileta kopo hana shehena, hata akiwa ametafuta siku saba. Na ndivyo ilivyo kwa dalali wa mtandaoni, kwani bila ya mauzo hapana ujira, na mali ikirudishwa dukani ujira nao hurudi. Wako waliotia shaka juu ya fungu la mia, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani kabla ya mauzo. Lakini bei ikiwa imeandikwa na fungu limetajwa, ujinga huo umeondoka, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu.

Lakini vijana husoma nusu ya mlango huu wakafunga kitabu. Nusu ya pili yasema kwamba juala si mkataba wa kulazimiana. Mwenye kuahidi aweza kuivunja ahadi yake au kupunguza malipo kabla ya kazi kumalizika, na mfanya kazi naye aweza kuondoka apendapo. Akivunja mwenye kuahidi hali kazi imekwisha anzwa, lipo juu yake deni la ujira wa mfano kwa kiasi kilichofanywa, basi. Hana deni la kumtunza mtu huyo mwaka ujao. Maana yake ni kwamba Sharia yenyewe, karne nyingi kabla ya mtandao, imekwisha tuambia tabia ya pato hili: ni halali, na halina nguzo. Mwenye kulijengea nyumba amejenga juu ya ahadi ambayo mwenyewe ana haki ya kuiondoa.

Tazameni yaliyotokea. Kwa miaka mingi Amazon ilikuwa ikiwalipa madalali wake kwa ngazi. Auzaye vingi hupata fungu kubwa zaidi. Mwezi wa Machi 2017 ngazi hizo ziliondolewa, pakawekwa fungu moja kwa kila aina ya bidhaa. Kisha mwezi wa Aprili 2020, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa maradhi ya korona na kununua kwa mtandao kumezidi, mafungu yakakatwa. Samani na vyombo vya nyumba vilivyokuwa na asilimia 8 vikawa na 3. Vyakula vilivyokuwa na 5 vikawa na 1. Khabari ilitolewa siku chache tu kabla ya kuanza kazi. Fanyeni hisabu wenyewe: aliyekuwa akileta mauzo ya samani ya shilingi milioni moja alikuwa akipata shilingi 80,000, mauzo yale yale, taabu ile ile, wasomaji wale wale, sasa ni 30,000. Wala hapakuwa na mahali pa kushitaki, kwani mkataba walioukubali ulisema wazi kuwa mwenye duka aweza kubadilisha masharti. Kabla ya hapo, mwaka 2011, serikali ya jimbo la California ilipopitisha sheria ya kodi iliyoigusa Amazon, Amazon iliwaachisha madalali wake wote wa jimbo hilo kwa mkupuo mmoja, na haikuwarudisha mpaka ilipopatana na serikali miezi michache baadaye. Fahali wawili walipigana, na nyasi mnajua.

Na karibu yetu zaidi, Jumia ilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Dalali wa Dar es Salaam aliyekuwa akielekeza watu katika duka hilo alilala na kazi akaamka hana, na viungo vyote alivyokuwa amevitawanya vikawa njia za kuelekea mlango uliofungwa.

Watu wa Mombasa hawana haja ya kufasiriwa jambo hili. Mji wetu una nyumba nyingi ambazo kuta ni za huyu na kiwanja ni cha yule. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi, huezeka, hupaka chokaa, huoza binti zake humo. Na siku mwenye kiwanja akikiuza, hubaki na mbao na mabati. Hatusemi nyumba hizo si nyumba. Watu wamezaliwa humo na wakafa humo wakimshukuru Mola wao. Twasema tu kwamba mwenye nyumba ya namna hiyo, akiwa na akili, hauzi shamba alilorithi ili aongeze ghorofa.

Tena huyu dalali wetu amejenga juu ya viwanja viwili, si kimoja. Kiwanja cha kwanza ni duka. Cha pili ni njia inayomletea watu, nayo si yake vile vile. Wengi hutegemea Google iwaonyeshe watafutao, na wengine hutegemea YouTube, au Facebook, au TikTok. Google hubadilisha kanuni zake za kupanga mara kwa mara. Mwezi wa Februari 2011 ilifanya mageuzi yaliyoshusha tovuti nyingi zilizojaa maandiko hafifu, na mwezi wa Septemba 2023 ikafanya mengine yaliyowaumiza wengi, wakiwemo walioandika kwa uaminifu. Tovuti moja iitwayo HouseFresh, ambayo watu wake hununua mashine za kusafisha hewa wakazipima kwa mikono yao, ilitangaza mwaka 2024 kwamba wasomaji iliokuwa ikiletewa na Google wamekwisha karibu wote. Na tangu mwezi wa Mei 2024, kwanza Marekani kisha nchi nyingine, Google huweka jibu lililotungwa na mashine juu kabisa ya ukurasa. Mwenye kuuliza hulisoma akaenda zake. Aliyeliandika jambo hilo kwa jasho lake hapitiwi na mtu, na kiungo chake hakibonyezwi.

Liko na jambo la muda, ambalo wanaouza mafunzo hawapendi kulitaja. Mtu akibonyeza kiungo chako huwekwa alama ndogo katika simu yake, vijana huiita kuki, ili duka lijue nani aliyemleta. Alama ya Amazon hudumu saa 24. Akinunua baada ya hapo, kwa kawaida huna kitu. Na katika mipango mingi yule wa mwisho kumgusa mnunuzi ndiye achukuaye ujira wote: umemweleza mtu wiki nzima juu ya jokofu, akaja mwingine dakika ya mwisho na tikiti ya kupunguza bei, basi ujira ni wake. Hatusemi hii ni dhulma, maana masharti yamejulikana. Lakini mtu asiambiwe kwamba hii ni mali inayozaa hali amelala, kama mnazi. Mnazi humjui mwenye kuupanda na ukakupa nazi. Huu hukuuliza kila siku umefanya nini leo.

Sasa mtu atasema: ikiwa duka si lake, na njia si yake, na hata muda si wake, kilicho chake ni nini? Twajibu kwamba kiko kitu kimoja, nacho ndicho kilichowaweka baadhi ya watu katika kazi hii miaka 20 hali maelfu walikuja na wakapotea. Kitu hicho ni amana. Watu wamekujua kuwa usemapo kitu ni kizuri, ni kizuri kweli; na kikiwa kibaya huwaambia, hata kama kibaya hicho ndicho chenye ujira mkubwa. Hiyo hakuna mwenye duka awezaye kuikata kutoka 8 hadi 3.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kutakwa ushauri amewekewa amana. Basi dalali wa mtandaoni ni mtu wa namna gani, kama si mwenye kutakwa ushauri? Mama wa Kibokoni ambaye hajui tofauti ya mashine hii na ile hutazama picha ya kijana, akaamini, akatoa akiba yake. Kijana akijua kuwa mashine hiyo huharibika upesi, akanyamaza kwa ajili ya fungu lake, amekula amana. Imepokewa ya kwamba Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, alipomwona akamwambia mwenye farasi kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akawa akimpandishia bei yeye mwenyewe mnunuzi mpaka ikafika 800, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Hatutaraji vijana wetu wafike daraja ya Jarir kesho asubuhi. Twataraji angalau wasimfiche mnunuzi kwamba wao wana fungu katika bei.

Na hili la kutoficha lina uzito kuliko wanavyodhani. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani imewataka tangu mwaka 2009, na ikakaza tena mwaka 2023, wanaosifu bidhaa kwa malipo waseme wazi kuwa wanalipwa. Mwaka 2024 ikapitisha kanuni ya kuharimisha sifa za uongo, yaani mtu kuandika kuwa ametumia kitu asichokitumia, au kununua ushahidi wa watu wasiokuwapo. Wasomaji wetu watakumbuka katazo la najshi: mtu kupandisha bei mnadani bila ya nia ya kununua, ili amghuri mwenziwe. Ibn Umar (r.a.) amelipokea katazo hilo kwa Mtume. Mwenye kusifu jiko ambalo hajaliwasha, ili mwengine alinunue, yuko jirani kabisa na mtu wa najshi, ikiwa hayumo nyumbani mwake. Twaona ajabu kwamba makafiri wamelifikia kwa kanuni za karne hii, na wanetu, waliolisoma chuoni, hulivunja kwa simu.

Angalieni mfano wa Uingereza. Martin Lewis alianzisha tovuti yake ya MoneySavingExpert mwaka 2003, ya kuwafundisha watu kuokoa fedha zao. Pato lake kubwa lilitoka katika viungo vya namna hii hii. Lakini kila kiungo chenye malipo kiliwekewa alama ya nyota ili msomaji ajue, na pakawekwa kiungo kingine kisicho na malipo kwa atakaye kupita bila kumlipa dalali. Watu wakamwamini. Mwaka 2012 aliiuza kwa bei ambayo ingeweza kufika pauni milioni 87. Hatumtaji kwa sababu ya hizo milioni, na twaogopa vijana watalikamata neno hilo peke yake. Twamtaja kwa ile nyota.

Na upande wa pili wako waliokuwa vinara wa udalali wa eBay, watu wawili, waliowawekea watazamaji zile alama kwa siri, bila ya wao kubonyeza kiungo chochote, ili wakinunua kwa hiari yao duka lidhani wameletwa na hao. Walichuma mamilioni ya dola. Walishitakiwa mwaka 2010, wakakiri, na mwaka 2014 wakahukumiwa kifungo. Ghushi ni ghushi, iwe kwenye pishi la mtama au kwenye mtandao.

Hapa pana jambo ambalo hatuwezi kulipita upesi, kwa kuwa limeingia majumbani mwetu. Katika madalali wa mtandaoni wapo wanaoelekeza watu kwenye kamari, hii michezo ya kubahatisha matokeo ya mpira. Mipango mingi ya namna hiyo humlipa dalali fungu katika kile ambacho mchezaji aliyemleta amepoteza. Fahamuni maneno haya vizuri. Mtoto wa jirani akishinda, dalali hapati kitu. Akipoteza ada ya skuli, dalali hupata. Akipoteza mshahara wa mwezi mzima, dalali hupata zaidi. Riziki yake imefungamana na msiba wa nyumba ya pili. Pato hili ni haramu, hapana khitilafu, na hatutaki kusikia kwamba yeye hachezi, yeye anaonyesha tu. Mwenye kuonyesha njia ya dhambi ana fungu lake katika dhambi, na huyu amelikubali fungu hilo kwa hisabu ya asilimia. Kijana aliye katika jambo hilo na aliache leo, na wala asingoje malipo ya mwisho wa mwezi. Kadhalika mikopo ya riba inayotangazwa kwa simu, na ulevi, na kila kilicho haramu kuuzwa: ujira wa kukielekezea ni haramu kama thamani yake.

Jengine linalochanganywa na kazi hii ni biashara ya ngazi, ambayo mtu hulipa kiingilio, kisha akapata malipo kwa kuwaingiza wengine nao walipe kiingilio. Huu si udalali. Dalali hupata ujira kwa mali iliyouzwa na kufika mikononi mwa mwenye kuihitaji. Huyu hupata kwa fedha za aliyekuja nyuma yake. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia iliharimisha mipango ya namna hiyo mwaka 1425, yaani 2004, kwa kuwa ndani yake mna riba na gharari na kula mali za watu kwa batili. Nasi Kenya tuliyaona katika miaka ya 2006 na 2007, yalipoanguka makampuni ya namna hiyo na watu wakalia. Alama ya kuwatambua ni nyepesi: ukitakiwa ulipe kwanza ili upate kazi ya kuuza, simama uulize. Mipango ya kweli ya udalali, kama ule wa Amazon, haimtozi dalali kiingilio.

Turudi kwa suala la kudumu. Mwaka 2011 palianzishwa Marekani tovuti iitwayo Wirecutter. Kazi yao ilikuwa kuvipima vyombo kwa muda mrefu, kisha kuwaambia watu kipi kimoja wanunue, na walikula kwa ujira wa viungo. Waliheshimiwa hata gazeti la New York Times likainunua tovuti hiyo mwezi wa Oktoba 2016 kwa kiasi cha dola milioni 30. Hawa ndio mabingwa wa kazi hii. Na hata hao, mwaka 2021, walianza kuwatoza wasomaji ada ya kusoma. Mwenye kufahamu atauliza: ikiwa hodari wao, aliye na gazeti kubwa nyuma yake, ameona ujira wa viungo hautoshi peke yake, kijana aliye na simu moja Majengo ataufanya kuwa nguzo pekee ya nyumba yake kwa dalili gani?

Basi rai yetu ni hii. Kazi hii yafaa iwe tawi, isiwe shina. Fundi wa majokofu akiwa na watu wanaomsikiliza kwa ufundi wake, na akawaonyesha vifaa vizuri akapata fungu, amefanya vyema. Fungu likikatwa, ufundi wake uko pale pale. Mshonaji awaonyeshe watu cherehani aliyoitumia mwenyewe miaka mitano. Mwalimu aonyeshe vitabu alivyovisoma. Hawa ujira wao watoka katika elimu waliyo nayo, na elimu hiyo haikai katika kiwanja cha mtu. Ama yule ambaye hajui chochote isipokuwa kuweka viungo, siku njia ikigeuka hana alichobaki nacho. Wahenga wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa wa ng'ambo si ndugu zetu hata hivyo.

Tena mbona macho yote yaangalie ng'ambo? Wapo wenye maduka wa Mombasa, na Malindi, na Lamu, wenye mali nzuri na hawana ulimi wa kuitangaza. Kijana aweza kupatana nao kwa mdomo na kwa maandishi: fungu kadha kwa kila mnunuzi nitakayemleta, kwa muda wa mwaka, na malipo kila Ijumaa. Ataweza kwenda kuishika bidhaa kwa mkono wake kabla ya kuisifu. Mkataba wenye muda na masharti yaliyoandikwa ni imara kuliko ahadi ya mtu ambaye hamwoni na wala hajui kama yeye yuko. Na mwenye duka akikawia kulipa, yuko mlangoni pake. Huko kwengine malipo ya Amazon huja kiasi cha siku 60 baada ya mwezi kwisha, na kijana hupiga hisabu ya mahari kwa fedha ambazo bado hazijavuka bahari.

Wasisahau pia kwamba serikali inayo sehemu yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ya Kenya iliweka kodi ya asilimia 5 ikatwe katika malipo ya kazi za mtandaoni kwa mkaazi, na udalali wa viungo umetajwa ndani yake. Na aliyekusanya akafikisha nisabu, ikapitiwa na mwaka, ana zaka juu yake kama mwenye duka la matofali.

Ama kijana aulizaye kuhusu kuoa, hatumzuii. Mola amewaahidi wenye kuoa kwa kujistahi. Twamtaka ahisabu pato lake la miezi kumi na miwili, si la mwezi mmoja ulio mzuri, achukue mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote, ajiulize kama waweza kulisha watu wawili. Kisha amwambie baba wa mtoto ukweli huo kabla ya posa, asiufiche nyuma ya picha ya gari la kukodi.

Na mama yetu wa bangili, jibu lako ni fupi. Usiziuze. Kazi hii haina mtaji wa kutangulizwa. Njia zake zote hufundishwa bure na maduka yenyewe, na anayeziuza kwa fedha nyingi mara nyingi pato lake ni hilo la kuuza mafunzo, si la kazi anayoifundisha. Mwambie mwanao aanze na simu aliyo nayo, kwa kitu anachokijua, asubuhi yuko kazini kwake na usiku saa mbili mtandaoni, kwa muda wa mwaka mmoja. Na akupe karatasi ya hisabu kila mwezi, uisome wewe au akusomee dada yake. Bangili zikae sandukuni.